Acha Kuufuata Mpira: Namna ya Kumpima Beki wa Chuo Kabla ya Drafti ya NFL

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kimoja kidogo jimboni Ohio, kibarua changu cha jioni kilikuwa kupanda mnara wa chuma kando ya uwanja na kurekodi mazoezi ya timu ya futiboli ya Kimarekani. Sikujua kitu. Mpira niliokulia ni ule wa miguu, na nilicheza namba mbili mpaka goti lilipogoma. Siku ya kwanza kocha wa mabeki alinifokea kutoka chini, kila mtu akisikia. Mpira ulikokwenda anajua, alisema, anachotaka kuona ni watu wake wamefanya nini. Kamera yangu ilikuwa imeufuata mpira, kama macho ya mtazamaji mwingine yeyote.

Nilikaa misimu 3 juu ya mnara ule. Siku hizi kila ifikapo Januari jamaa zangu wananiuliza nani beki wa kweli kati ya vijana wanaotoka vyuoni kwenda kwenye drafti, pale timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na kila mwaka naanza na fokeo lile lile la kocha.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Nikisema beki namaanisha safu yote ya nyuma. Wamo konabeki wa pembeni, ambao nitawaita makona. Wamo masefti, wanaosimama nyuma ya wote kama namba tano wetu. Na yumo nikeli, beki wa tano anayemkaba mpokeaji wa ndani. Mpokeaji ndiye anayekimbia kupokea pasi, na kwotabeki ndiye anayeirusha. Nikisema mchezo, ni ule muda wa sekunde chache tangu mpira unapoanzishwa mpaka filimbi. Dakika zote 60 nitaziita mechi.

Tafuta picha, chagua mechi

Televisheni ni adui wa kazi hii. Kamera ya matangazo humng'ang'ania kwotabeki, kisha huruka na mpira, na muda huo wote mabeki wengi wako nje ya picha. Makocha hutazama picha nyingine kabisa. Kamera moja iko juu pembeni na inawabeba wachezaji wote 22, nyingine iko nyuma ya nguzo za goli na inaonyesha nyonga na miguu kwa karibu. Picha za namna hiyo za mechi za NFL unaweza kulipia ukazitazama, lakini za vyuo ni shida kuzipata. Kama huna ila matangazo, tumia marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya goli, na simamisha picha kabla mpira haujaanzishwa uone kila mtu kasimama wapi. Mchezo ambao beki wako katoweka, andika "sikuona". Usizibe pengo kwa ukubwa wa jina lake.

Mimi hutazama mechi 4 kwa kila beki. Moja dhidi ya mpokeaji bora kuliko wote aliokutana nao. Moja ambayo najua aliumbuliwa. Moja ya Novemba, mwili ukiwa umechoka. Na moja ambayo timu yake ilikuwa imeshachapwa vibaya kufikia robo ya nne, kwa sababu hapo ndipo unamwona nani bado anakimbia kutoka upande wa pili wa uwanja kwenda kumwangusha mtu. Video fupi za matukio yake bora sizigusi kabisa mpaka nimalize. Hata mimi ukinitengenezea video ya dakika 3 ya namba mbili yangu utadhani nilistahili Ulaya.

Mchezo mmoja, mara nne

Chukua mchezo huu. Jaribio la 3 kati ya yale 4 ambayo timu hupewa ili isogee yadi 10, zimebaki yadi 7. Kona kasimama pua kwa pua na mpokeaji, kati yao kuna kama yadi moja. Simamisha picha hapo hapo.

Tazama miguu. Ipanuke kama mabega, uzito uwe mbele ya nyayo, visigino vikigusa nyasi kidogo tu. Mikono iwe juu tayari, karibu na mbavu. Ikining'inia chini itachelewa. Macho yawe kiunoni kwa mpokeaji, kwenye mkanda. Kichwa kinadanganya na mabega yanadanganya, lakini kiuno lazima kiende kule mwili unakokwenda.

Sasa achia picha taratibu. Mpira umeanzishwa. Mpokeaji anatikisa kushoto, anatikisa kulia, bado hajaenda popote. Kona mwenye papara hujirusha mbele kwa mikono miwili, akikosa kifua cha mwenzake amekwisha: uzito wake umeshavuka vidole na mpokeaji anampita kama anapita mlango. Kona aliyeiva hufanya kitu kidogo mno, ndiyo maana watu hawakioni. Anasogea pembeni nusu hatua, tena nusu hatua, kifua kikibaki mbele ya kifua. Anasubiri mwenzake achague. Akishachagua, mkono mmoja unafika kifuani, nyonga zinafunguka mara moja tu, na wanaanza kukimbia bega kwa bega.

Yadi 5 zimepita. Angalia kama mkono umetoka. Yadi ya 12 mpokeaji anashusha makalio ghafla na kusimama kumgeukia kwotabeki. Hesabu hatua za kona kabla hajasimama na yeye: mbili ni nzuri sana, tatu zinavumilika, nne ni pasi iliyokamilika. Na kwotabeki je? Karusha upande wa pili, jukwaa zima limegeukia huko. Kwenye takwimu za mechi kona wetu hakufanya chochote. Kwenye daftari lako ameshinda.

Mchezo kama huo naurudia mara nne, mara ya kwanza kwa ajili ya miguu, ya pili macho, ya tatu mikono. Mara ya nne natazama vyote pamoja. Mechi moja ya chuo huwa na michezo 60 hadi 75 ya ulinzi, kwa hiyo huwezi kuirudia yote hivyo, na haina haja. Katika mechi 4, kwa uzoefu wangu, michezo inayokuambia jambo jipya haizidi 50. Mingine kona anatazama tu wenzake wakipigana katikati. Daftari langu lina safu chache: jaribio na yadi, kasimama karibu au mbali, wanakaba mtu au eneo, ameshinda au ameshindwa, na ya mwisho kabisa, mpira ulikwenda kwake au la. Safu hiyo ya mwisho naijaza baadaye, kwa kalamu nyingine, isije ikanipotosha.

Anapokaa mbali

Vyuo vingi humweka kona yadi 7 au 8 kutoka kwa mpokeaji. Watu huona hiyo ni kazi rahisi. Mimi naona ndiko nyonga zinakoumbuka zaidi. Anarudi kinyumenyume, kifua kimeinama juu ya magoti. Mpokeaji akikata, anatakiwa apige breki kwa mguu wa nyuma na kurudi mbele bila kuinuka. Tazama kichwa chake dhidi ya mistari ya uwanja. Kikipanda juu pale anapopiga breki, basi anasimama kwanza ndipo aende, na hiyo nusu sekunde ndiyo inayomlipia kwotabeki wa NFL kodi ya nyumba. Kasoro hii hufundishika kwa wengine. Kwa kijana mwenye nyonga ngumu, anayelazimika kuzunguka kwa hatua 3 kama lori kwenye uchochoro, sijaona ikitibika. Huyo namhamishia kwenye usefti, au namfuta.

Wanapokaba eneo, nyonga hupungua umuhimu na macho huchukua nafasi. Swali langu ni moja: amemwona mpokeaji wa pili? Beki mchanga humganda wa kwanza anayeingia eneo lake, na akigeuka wa pili yuko nyuma yake peke yake. Aliyeiva hukaa katikati ya wawili, anawalazimisha wampe kwotabeki jibu baya.

Kunasa pasi kunadanganya

Niliwahi kumpigia debe kona mmoja msimu mzima. Karibu kila wiki ananasa pasi ya wapinzani, nami natuma ujumbe usiku kuwaamsha watu. Nilipokaa baadaye na daftari nikagundua nyingi zilikuwa mipira iliyogonga mikono ya wengine ikamwangukia, au kwotabeki kashikwa mguu karusha hewani. Katika michezo aliyokuwa peke yake na mpokeaji alikuwa anaachwa, ila mpira hauji. Hakuchaguliwa, na kambi ya mazoezi ya Agosti ikamrudisha kwao.

Hata juu kabisa namba hiyo hupanda na kushuka. Trevon Diggs wa Dallas alinasa 11 mwaka 2021, mwaka uliofuata 3. Hakusahau kucheza, makwotabeki ndio walioacha kumpelekea. Kuhusu Sauce Gardner, alimaliza miaka yake chuo cha Cincinnati bila mpokeaji aliyemkaba kufunga goli hata moja, na New York Jets wakamchukua wa 4 mwaka 2022.

Badala ya kuhesabu mipira, tazama kinachotokea mpira ukiwa hewani. Kama beki yuko bega kwa bega na mpokeaji, ageuze kichwa autafute. Kama ameachwa nusu yadi, asigeuke, maana kugeuka kunampunguzia mwendo. Amtazame mpokeaji macho na mikono, mikono ile ikifunguka naye aingize wake katikati. Anayeshtuka hufanya kinyume, ananyoosha mikono na kukumbatia. Mshtuko huo ndio ninaouogopa kuliko mwendo mdogo, kwa sababu huja palepale kila mara.

Kanuni si moja

Hapa watu wengi huteleza. Mchezo unaouona Jumamosi vyuoni si ule wa Jumapili wa NFL.

NFL, beki akimgusa mpokeaji baada ya yadi 5, ni kosa. Vyuoni kanuni hiyo ya yadi 5 haipo, kwa hiyo kona anayemsukuma na kumkokota mwenzake mpaka yadi ya 10 anaweza kuonekana bingwa wa kukaba wakati kesho yake itakuwa vitambaa vya njano tupu, vile ambavyo mwamuzi hutupa kuonyesha kosa. Ndiyo maana nilikuambia uangalie mkono umetoka lini. Kumzuia mpokeaji kinyume cha kanuni asipokee pasi vyuoni hugharimu yadi 15 kwa kiwango cha juu, NFL mpira huwekwa pale kosa lilipotokea, hata kama ni yadi 45 mbele. Kona wa chuo aliyeachwa kabisa anaweza kumvuta mtu jezi kwa hesabu zake, akaona 15 ni nafuu. Sioni ujinga hapo. Lakini andika pembeni.

Kuna moja ya kumtetea beki. Vyuoni mpokeaji akigusa ndani ya mstari kwa mguu mmoja pasi imekamilika, NFL ni miguu miwili. Zile pasi za pembeni kabisa alizofungwa, zirudie ukihesabu nyayo.

Halafu upana. Alama za katikati ya uwanja wa chuo zimeachana futi 40, za NFL futi 18 na inchi 6. Mpira ukianzia kwenye alama ya chuo, upande mmoja unakuwa mwembamba na wa pili ni shamba. Kona wa upande mwembamba ana mstari wa nje kama msaidizi, wa upande mpana anaachwa na nyasi nyingi mno. Timu nyingi huwapanga makona kwa pande hizo badala ya kulia na kushoto, kwa hiyo ujue wako alikuwa yupi kabla hujamsifu wala kumlaumu. Sefti naye hufanya mikimbio mirefu vyuoni ambayo NFL hatakutana nayo mara nyingi.

Kuangusha watu

Nitakuwa mfupi. Kona asiyependa kuangusha watu hujulikana kwa dakika 10: pasi fupi ya pembeni ikija anazungukazunguka nyuma ya mzuiaji akisubiri mwingine afike. Kwa sefti hakuna mjadala, akikosa yeye nyuma yake kuna rangi ya goli tu. Tazama pembe anayokimbilia, kabla hujatazama nguvu ya pigo. Mapigo ya kishindo huniachia mashaka, kwani anayerusha bega bila kufunga mikono huvuna makofi leo na aibu kesho. Brian Branch wa chuo cha Alabama alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.58 tu, Detroit wakampata chaguo la 45 mwaka 2023. Hakuwa na mbio za kutisha, alikuwa na kila kitu kingine, na kuangusha watu kulikuwa juu ya orodha.

Namba za Indianapolis

Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi vijana hupelekwa Indianapolis kupimwa. Mbio za yadi 40, karibu mita 36.6, ndizo zinazotangazwa. Nakusihi umalize daftari kabla ya wiki hiyo. Namba ikikubaliana na macho yako, endelea. Ikipingana, rudi kwenye picha, usikimbilie kubadili alama.

Kyle Hamilton wa Notre Dame, sefti mrefu wa futi 6 na inchi 4, alikimbia 4.59 mwaka 2022. Watu wakanong'ona, akashuka hadi chaguo la 14 kwa Baltimore, na mwaka 2023 alikuwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Picha ilikuwa inasema tangu mwanzo: alikuwa anaanza kukimbia kabla wengine hawajajua mpira unaenda wapi. Mwaka huo huo Tariq Woolen kutoka chuo cha UTSA, urefu ule ule, alikimbia 4.26. Raundi ya 5, chaguo la 153, Seattle. Msimu wa kwanza akanasa pasi 6. Miaka 11 nyuma, Seattle hao hao walimtoa Richard Sherman wa Stanford kwenye raundi hiyo hiyo, chaguo la 154. Wote wawili walianza chuoni kama wapokeaji. Picha zao za ukona zilikuwa mbichi, ila mikono ilikuwa inajua mpira. Makosa ya mtu aliyecheza nafasi hiyo misimu miwili siyasomi kama ya aliyeicheza toka utotoni.

Urefu wa mikono nao una kelele zake. Gardner ana inchi 33 na nusu. Trent McDuffie wa chuo cha Washington ana 29 na robo tatu, Kansas City wakamchukua wa 21, naye 2023 akaingia kikosi bora cha ligi. Mikono mifupi ilimfunga? Sehemu fulani ndiyo. Wakamtumia sana ndani, kama nikeli, ambako wepesi wa kugeuka kushoto na kulia unalipa kuliko urefu. Nikeli si mchezaji wa akiba tena. Timu nyingi humtumia kwenye sehemu kubwa ya michezo, kwa hiyo "ni nikeli tu" ni maneno ya zamani.

Kijana wa ligi ndogo mpeleke Mobile, Alabama, kwenye mazoezi ya Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya vijana wanaomaliza chuo. Quinyon Mitchell alikuwa Toledo, akikaba wapokeaji wasiojulikana. Januari 2024 akakutana na wa vyuo vikubwa huko Mobile, na Philadelphia wakamchukua wa 22. Ila kumbuka mazoezi yale ya mtu kwa mtu humpendelea mpokeaji, ana uwanja mzima na hakuna anayemkimbiza kwotabeki. Beki akipoteza pale, tazama amepotezaje. Majeraha siyapimi mimi, hayo ni ya madaktari wa timu. Najua tu kwamba Caleb Farley wa Virginia Tech alikwenda wa 22 mwaka 2021 baada ya kupasuliwa mgongo na mwili haukumpa nafasi, na Derek Stingley wa LSU alisumbuliwa na majeraha baada ya mwaka wake mkubwa wa 2019, akaenda wa 3 Houston, na 2024 alikuwa kwenye kikosi bora.

Ukurasa mmoja

Sasa andika. Ukurasa mmoja, na usimfananishe na Deion Sanders, gwiji wa makona, kila mwaka kuna mtu anamfananisha kijana wa watu na Deion Sanders. Sentensi ya kwanza iseme atafanya kazi gani mwaka wa kwanza na kwa timu ya aina gani. Mfano wangu wa kawaida ni huu: "Kona wa pembeni kwa timu inayokaba eneo, nikeli ikibidi, asipewe mpokeaji mwepesi pua kwa pua kabla ya mwaka wa pili." Sentensi ya pili, kasoro moja ambayo makocha hawataiondoa. Kisha raundi, kati ya zile 7. Weka tarehe na lifunge daftari kabla ya usiku wa drafti mwezi wa Aprili, lisiguswe mpaka misimu 3 ipite.

Langu la 2022 nimelifungua. Kwa Stingley nilipatia. Kwa Woolen nilikuwa nimeandika "mbichi, raundi ya 4", si haba. Kwa Hamilton kurasa mbili nzima ni sifa tupu, macho, pembe, kila kitu, halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka wa mwezi wa Machi: "4.59. Raundi ya 2." Mstari huo sasa una duara la wino mwekundu.